Simba wa Ugiriki Darasani Mawaleh

Da Zuhura wangu,

Shikamoo. Natumai wanangu hawajakuchosha. Leo nimefundisha lile somo la majaribio la kuombea kazi, katika skuli ya huku ng'ambo, hapa Mawaleh. Nje jua linachoma, lakini darasani nilikuwa nasikia baridi, sijui kwa kiyoyozi au kwa khofu.

Niliwaambia wanafunzi kwamba zamani Ulaya kulikuwa na simba. Bi Salma, mkuu wa walimu wa sayansi, alikaa nyuma kunipima. Akanikatiza: "Si waliletwa kwa meli kutoka Afrika?" Nikamjibu kwamba mifupa yao imechimbuliwa Ugiriki, na wataalamu wanawaweka kundi moja na simba wa Bara Hindi. Wale wa mapangoni, wa kale zaidi, ndio waliokuwa aina nyengine. Akaandika kitu daftarini mwake.

Kipindi kilipokwisha akaniita ukumbini. Nikajua nimeharibu. Kumbe naye ni wa kwetu; akanambia kwa Kiswahili cha Unguja kabisa: "Mwanangu, miaka yote nnawafundisha kuwa waliletwa. Jumapili, wiki ikianza, uje uanze kazi, na mimi nitakaa nikusikilize."

Nikamshukuru, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi nikalia. Kazi nimeipata, Dada, na sasa ndio nnaogopa kweli, maana kazi ni huku, na wanangu wako huko kwako. Usiwaambie bado. Wakumbatie tu usiku huu, uwabane kidogo zaidi ya kawaida.

Mola akutunze,
Nduguyo Rayya