Msiba wa Kuigiza wa Ujiji

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, Ujiji, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni.

Jina: Wema Eliakimu Bukuru
Umri: Miaka 31
Kabila: Muha
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi redio na simu, soko la Mwanga. Pia hurekodi kwaya na kaswida.
Makazi: Mwanga, Kigoma

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeambiwa niseme kweli tupu, nami sina sababu ya kusema kingine. Afande, umeniambia nianze mwanzo, basi ninaanza mwanzo. Nikilia usiandike kwamba nimelia, andika maneno.

Mnamo mwezi Aprili mwaka huu Adolf, ambaye nilisoma naye sekondari, alikuja bandani kwangu na kitabu mkononi. Ni riwaya ya mwalimu mmoja mstaafu wa hapa hapa Ujiji. Inahusu kijana anayezama ziwani, na mama yake anafika msibani amechelewa. Mwalimu alimruhusu Adolf kuitengenezea filamu bure. Alichotaka ni jina lake lionekane tu. Adolf akawa dairekta, tena yeye huyo huyo mshika kamera. Kamera ilikuwa moja, ya kuazima kwa mpiga picha za harusi. Mimi nikawa mtu wa sauti. Kijana anayekufa aliigizwa na Haruna, wa Mwandiga, umri miaka ishirini na tatu. Mama wa kijana aliigizwa na Agnesi, mwalimu wa chekechea. Kikundi chenyewe ndicho hicho.

Haruna ni mtoto wa pekee kwa Bi Hidaya. Mama huyu nilikuwa sijawahi kumwona. Haruna hakumwambia kwamba kwenye filamu anakufa. Alisema, "Da Wema, mama akijua nimelala kwenye sanda mzima mzima atasema najichulia." Kwa hiyo leo asubuhi alimuaga kwamba anakuja Ujiji kusaidia kupiga plasta.

Leo tarehe 14 Juni, saa tatu asubuhi, tulifunga turubai kwenye nyumba ya shangazi yake Adolf. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na habari, na majirani wa nyumba tatu za karibu waliambiwa. Tukaona inatosha. Haikutosha hata kidogo. Hapa kwetu mtu akiona turubai, mikeka na wanaume wamekaa kimya, haulizi nani kafa. Anavua viatu, anasema poleni, anakaa. Kuuliza ni kukosa adabu. Na kamera haimshtui mtu, siku hizi msiba gani hauna mpiga video?

Saa nne na dakika kumi Haruna aliletwa na gari dogo la mizigo, amefungwa sanda, uso wazi, Agnesi amempaka poda ya kijivu na kumtia pamba puani na masikioni. Pamba za puani zilikuwa juu juu tu, za masikioni zilishindiliwa. Wanaume sita walimbeba wakamwingiza ndani. Hapo ndipo watu wa njiani walipoanza kuingia. Kufika saa tano kasoro wanawake wa mtaa wa pili, wasiojua lolote, walikuwa wameshajaa chumbani na kanga zao, wanalia kweli.

Nilimfuata Adolf nikamwambia, "Hawa watu hawajui. Waambie." Akanijibu, "Waache, Wema. Unamwona yule bibi anavyolia? Tutawaambia tukimaliza." Nikamwambia hii ni laana. Akacheka, akasema mimi na ukali wangu ningefaa kuwa askari magereza. Nikarudi kwenye kona yangu nyuma ya pazia. Ningeweza kutoka nje nikapaza sauti. Sauti ninayo, Mwanga nzima inanijua. Sikufanya hivyo.

Kati ya walioingia alikuwepo Gervasi, muuza mawese wa Mwandiga, jirani wa kina Haruna ukuta kwa ukuta. Haya nimeambiwa na yeye mwenyewe hospitalini mchana huu. Alikuwa anapita na madumu yake kwenye baiskeli wakati Haruna anashushwa garini, akamtambua usoni. Akaona wenye msiba wapo, asiwasumbue kwa maswali. Akasogea pembeni akampigia simu Bi Hidaya. Hakumwambia mtoto amekufa. Nani humwambia mama mzazi neno kama hilo kwenye simu? Alisema kama tunavyosema sote: "Mama Haruna, njoo Ujiji mara moja, Haruna anaumwa kidogo." Simlaumu Gervasi. Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Simu ya Haruna nilikuwa nayo mimi, kwenye mkoba wangu, nimeizima isije ikalia katikati ya sini. Nilipoiwasha baadaye iliingia meseji ya mtandao kwamba namba ya mama yake ilimtafuta mara tisa.

Saa tano na dakika thelathini na nane tulikuwa tunarekodi sini ya mama kufika. Agnesi alikuwa chumba cha pili anamalizia kuvaa. Adolf alikuwa dirishani na kamera. Mimi nilikuwa na hedifoni masikioni, na maiki ndogo nilikuwa nimeibandika kifuani kwa Haruna, ndani ya sanda. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mnene kidogo, mweusi, kanga moja begani, viatu miguuni, amekumbatia chupa ya chai ya bluu. Ndani mlikuwa na uji. Alikuwa ameleta uji wa mgonjwa.

Nilijua si Agnesi, na Adolf pia alijua. Tulidhani ni mmoja wa wale wa mtaa wa pili. Akapita katikati ya wanawake, akamwinamia Haruna usoni. Haruna alikuwa amefumba macho. Kuanzia hapo kila neno ninalo kwenye kinasa sauti, na ninalisema kama lilivyo.

Alisema, "Haruna. Haruna, mwana wanje, mwanangu. Wameniambia unaumwa tu."

Nikajua ni nani. Nikanyoosha mkono kumwonyesha Adolf asimamishe. Adolf akaweka kidole mdomoni, akanionyesha dole gumba. Mkono wangu ukashuka. Andika hivyo, afande, mkono wangu ulishuka.

Yule mama akamshika mwanawe shavu, akamshika shingo. Akasema, "Ana joto." Akageuka kwa watu. "Jamani, mtoto wangu ana joto. Hebu mguseni!"

Bibi mmoja akamshika bega akamwambia, "Jikaze, mama. Ndiyo kwanza amefariki, bado hajapoa."

Akasema, "Hajafa! Mimi ndiye niliyemzaa. Huyu yu hai, nawaambieni!"

Wakamshika wanne, wanamvuta, wanamwambia mwachie Mungu, mama, mwachie Mungu. Chupa ikaanguka, uji ukamwagikia nyaya zangu. Chumbani humo watu wote waliokuwa wakimsikia walimwona amechanganyikiwa kwa uchungu. Mimi peke yangu nyuma ya pazia nilikuwa najua kwamba mama huyu anasema kweli, na kwenye hedifoni nilikuwa namsikia mwanawe moyo unavyodunda. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeduwaa. Lakini nitasema na lingine, kwa sababu nimeapa. Nilikuwa pia nawaza kwamba nikisema neno nitaharibu sauti.

Akawaponyoka. Akamwangukia Haruna kifuani. Nilisikia pumzi tatu kubwa za yule mama karibu kabisa na maiki, kisha sikusikia pumzi yake tena. Moyo wa Haruna niliendelea kuusikia.

Adolf alisema "kata" baada ya dakika moja na sekunde kumi na nane. Kinasa sauti kinaonyesha muda, mtahakiki wenyewe.

Haruna akainuka. Wanawake walipiga yowe, wengine wakatoka mbio, mmoja akaliangukia pazia langu. Haruna alikuwa anacheka. Akachomoa pamba masikioni, akamshika mgongo yule mama aliyemlalia, akasema, "Agnesi, leo umetisha!"

Na Agnesi alikuwa amesimama mlangoni.

Haruna alimtazama Agnesi, halafu akatazama chini. Sitasema alivyopiga kelele, afande. Nimeshindwa.

Tulimpakia Bi Hidaya kwenye gari lile lile la mizigo kwenda hospitali, Haruna akiwa bado na sanda kiunoni. Saa sita na dakika ishirini mchana daktari alitoka akatuambia mama amefariki, kwamba alikuwa na presha na moyo umesimama. Watu waliokuwa barazani walitukimbia. Walimwona mtu mwenye sanda anamlilia maiti.

Majira ya saa tisa Adolf alinivuta pembeni, getini. Macho yake yalikuwa mekundu, sisemi hakulia. Lakini alisema, "Wema, kile kipande usikifute. Ndicho kile cha kitabuni kabisa." Nilimzaba kibao mbele za watu. Kama ni kosa, andika na hilo. Kisha nikapanda bodaboda mpaka hapa na kadi ya kinasa sauti, nikaikabidhi. Sitaki arudishiwe yeye, na mimi siitaki.

Umeniuliza kama Haruna alimsikia mama yake. Nilimuuliza swali hilo hilo barazani hospitalini, kabla sijaja huku. Alikuwa amekaa sakafuni, poda bado usoni. Alisema kwa zile pamba alisikia sauti ya mbali tu, ya mwanamke, inasema huyu yu hai. Akasema, "Da Wema, nikajua Agnesi amesahau maneno. Kitabuni hayamo. Nikaona nisimharibie, nikabana pumzi zaidi."

Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu, na niliyoyanyamazia.

Sahihi ya shahidi: W. E. Bukuru

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Jeremia, kama shahidi alivyotamka. Nimemsomea kwa sauti, akasema hayana cha kupunguza, akatia sahihi saa mbili kasoro robo. Kadi moja ya kinasa sauti imepokelewa na kufungwa kwenye bahasha. Haijasikilizwa. Mtoto wa marehemu yuko nje ya kituo, anaomba aisikilize. Nimemwambia akamzike mama yake kwanza.