Kuzunguka Lieji Bila Kuingia

Posho, mwisho wa juma, tarehe 31 mwezi wa tano

Leo nimetembea tena na sakado ku mugongo. Kutoka hapa Bel-Air mpaka Luano, fashi ya bandeke, kule ndege zinatua, na kurudi. Bila kupumzika. Muzee wa miaka makumi saba na mbili! Bantu balisimama kuangalia.

Bongo, nadanganya. Nilifika tu kwa mama wa kuuza munkoyo, ku kona ya pili. Nikaketi, nikakunywa bikombe bitatu. Ndani ya sakado kulikuwa muto ya kulalia, ili ionekane inajaa.

Siku ine imebakia. Tunaenda Ulaya, mi na Donatien. Berna, binti yake, mwenye anakaa Lieji kule Belgique, njo alitafuta viza na kutuma tiketi. Yangu pia, juu baba yake alisema bila mimi hatoki. Miaka kumi na moja hawajaonana. Berna aliolewa na muzungu. Donatien alikataa kupokea mahari, akasema hatakanyaga kwa ule bwana. Sasa kuna mutoto wa miaka sita, nkambo yake hajamuona hata siku moja.

Donatien ni mugumu kama reli. Baba yake alitandika reli. Ilibakia ku damu.

Kazi tatu ya juma, tarehe 4 mwezi wa sita

Luano. Jamaa yote ya Donatien ilikuja kulia, utasema tunaenda kuzikwa. Georgette, bibi yake, mama ya Berna, alinivuta pembeni. "Papa Léonard, umuingize mpaka ndani. Ukimurudisha bila kumuona ule mutoto, usikanyage tena ku jiko yangu." Nilicheka. Yee hakucheka.

Anajua sababu gani anasema na mimi. Ukoo ya Donatien ni Mvua, yangu ni Uyoga. Tangu bankambo, kule Mitwaba, Mvua na Uyoga ni batani. Tunatukanana bila kukasirika. Naweza kukamata kintu yake mbele ya macho yake, hana haki ya kununa: anapashwa kukuja mwenyewe kuikomboa. Na fashi ndugu anaogopa kusema, mutani njo anasema.

Ku ndeke nilikamata nyama ku sahani yake. Haki yangu. Akanitukana mpaka muhudumu akakuja.

Kazi tano, tarehe 6

Brusele. Inanyesha tangu jana. Nilimuambia Donatien atulize bandugu yake.

Lieji iko saa moja ya treni. Berna anatungoja. Donatien anasema kwanza tuone muji. Tumeona muji. Mawe, baskeli, mayi.

Hatulali kwa Berna juu mukwe hajaingizwa. Kwetu, kama mukwe hajapiga magoti ku mulango na kutoa kintu kwa mikono miwili, baba wa bibi hakuli kwake, halali kwake. Ni kweli. Lakini nani alikataa bile bintu? Sijamuuliza. Bado.

Basi tunalala ku nyumba ya bavijana benye kutembea na sakado. Bitanda ya kupandana, moja juu ya ingine. Nilikamata ya chini mbio. Asubui Donatien alishindwa kushuka. Babinti babili ba Espagne balimushika miguu, mumoja mumoja. Alipofika chini balipiga makofi.

Posho, tarehe 7

Gand. Mayi kila fashi. Miguu inawaka.

Berna amepiga simu mara mbili. Donatien anajibu: "Tuko njiani, mwanangu." Njia gani?

Siku ya Mungu, tarehe 8

Sitasahau hii siku. Treni ya kwenda Koloni, kwa Badeutsch, inapita Lieji. Ilisimama. Gare kubwa, nyeupe, kama mbavu ya samaki. Nilisimama na sakado yangu. Donatien alinivuta shati, macho ku biatu yake. Mulango ikafunga. Dakika tatu, na binti yake iko pale pale nyuma ya zile manyumba.

Misa ku kanisa kubwa ya Koloni. Refu, nyeusi kama shimini yetu ya kuyeyusha mukuba, shaba. Donatien aliomba sana. Mi nilisinzia. Nina hasira.

Kazi mbili, tarehe 10

Mastrikti, Hollande. Kutoka hapa mpaka Lieji ni dakika makumi tatu. Anazunguka ule muji kama kuku anatafuta fashi ya kutaga. Ndeke ya kurudi ni kazi tano, tarehe 13.

Leo nimemutolea yote, mezani, mbele ya mukate. "We Mvua, siku sita unatutisha na mawingu. Hata tone haianguki. Mahari ulikataa weye. Mulango ulifunga weye. Na leo unasema ni desturi."

"Nyamaza, Uyoga. Chungu inakungojea."

Alimenya yai pole pole. Halafu akasema: "Nikifika pale, nitasema nini?"

Ni ile tu. Si desturi. Ni woga. Nimemujua tangu tuko batoto, sikujua anaweza kuogopa.

Kazi tatu, tarehe 11

Nimeiba.

Alikuwa ananawa. Nilibeba sakado yake na yangu, moja mbele, moja nyuma, kama punda. Ndani: paspoti, dawa ya tension ya damu, rozari, na kitenge Georgette alimutumia mutoto. Nilimuachia kidonge moja ya leo ku kitanda. Mi ni mwizi, si muuaji. Na karatasi: "Mvua, Uyoga imekamata bintu yako. Iko kwa Berna, adresi ni nyuma ya karatasi. Kuja kukomboa."

Lieji nilipotea ndani ya gare. Kifaransa yangu ni ya mwaka wa ine ya primaire, ile mwaka niliacha kelasi. Nikamupigia Berna. Alikuja anakimbia, mutoto ku mukono. Alilia ku bega yangu. Akaangalia nyuma yangu.

"Na papa?"

"Anakuja. Anatafuta suruali."

Nilimudanganya mutoto wa mutani wangu. Mpaka saa hii, jua inaenda kuzama, hajakuja. Simu yake inalia bure. Kesho hana dawa. Kama nilikosea, Mungu anisamehe, juu Georgette hatanisamehe.

Bwana wa Berna anaitwa Luc. Mwembamba, anavaa soksi ndani ya nyumba. Akaniuliza yee mwenyewe anapashwa kufanya nini. Hakuna muntu alikuwa amemuambia. Miaka kumi na moja! Tulijifunza ndani ya salon: magoti chini, sahani ya kuku ku mikono miwili, macho chini, piga makofi pole pole. Anapiga kama muntu iko ku mupira.

Kazi ine, tarehe 12

Saa ine asubui nilimuona ku dirisha. Amesimama ku barabara, ku mvua, bila kofia. Kidogo nilie. Nikafungua dirisha, nikamutukana.

"Leta bintu yangu!"

"Panda ukamate!"

Hakupanda. Basi tulishuka bote. Kuku muzima haikuwa, ilikuwa tu moja ya frigo, ngumu kama jiwe. Luc aliiweka ku sahani, akapiga magoti ku mayi, mbele ya mulango. Akasahau makofi. Nikapiga magoti pembeni yake kumuonyesha. Majirani ku madirisha. Mutoto akapiga makofi pia, yee alifikiri ni muchezo.

Donatien aliangalia ile kuku kwa muda murefu.

Akaipokea. Mikono miwili.

"Simama, mwanangu. Unalowana."

Akaingia. Mi nilibakia chini. Luc na mama wa jirani njo balinisimamisha.

Alikula bukari ya semoule, ugali ya bazungu, sahani mbili. Hakuomba samahani. Berna alisimama nyuma ya kiti yake, hakukula. Halafu Donatien alinyoosha mukono nyuma, akamushika ku mukono, akauacha pale. Mutoto akamuuliza kama yee njo muzee mwenye kupoteza sakado. Akasema ndiyo. Nikamurudishia. Akameza dawa yake.

Tulilala pale. Donatien ku kitanda, mi ku kiti ya salon. Hakuna bitanda ya kupandana.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Bel-Air. Baridi ya mwezi wa sita, vumbi nyekundu ku majani. Kimya. Nilisahau namna kimya ya kwetu ilivyo: majogoo, radio ya jirani, muntu anafagia.

Donatien alipita kisha misa. Aliketi hapa pembeni saa nzima, hakunitukana hata mara moja. Nilifikiri ni mugonjwa. Ni furaha. Inamukaa vibaya.

Goti ya kushoto imevimba kupita ya kuume. Ni ile mawe ya Lieji. Na desturi inasema: mwenye kukomboa kintu yake kwa mutani, anamufanyia kazi moja ndogo, ile mutani atachagua. Hajafanya. Nimechagua, namuandikia karatasi:

Mvua, kesho ukipita, leta mafuta ya mawese, uiweke ku moto kidogo, unipake magoti. Yote mawili. Pole pole.