Gereji Yako Ingali Wazi, Fundi Kioko

Fundi,

Gereji yako ingali wazi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya salamu.

Tulipomaliza kukuzika kule Mwingi, Mama Mwende alinishika mkono akaniambia, "Mume wangu alikuamini na magari ya watu. Nenda ufungue." Nikalia njia nzima mpaka Garissa, na asubuhi yake nikafungua. Watu walipita wakichungulia. Msichana wa Kisomali, na hijabu yake, kubaki peke yake na gereji! Ulipokuwepo walinivumilia kwa heshima yako. Ulipoondoka, wengi walipunguza mwendo, wakanitazama, kisha wakakanyaga mafuta wakaenda zao.

Halafu ikafunguliwa gereji kubwa kwenye barabara kuu. Ungeiona, Fundi! Sakafu ya vigae, chumba cha kusubiri chenye kiyoyozi, chai ya maziwa ya ngamia bila malipo, na kompyuta ya kuchomeka kwenye gari. Wakakodi gari la vipaza sauti likazunguka mji mzima, kutoka sokoni mpaka karibu na daraja la Tana, likipiga kelele: "Msidanganywe na mafundi wa vichochoroni! Wanawaibia vipuri!" Ni sisi tuliokuwa tukisemwa. Ni wewe, Fundi, uliyekuwa ukifunga kila kipuri kikuukuu kwenye gazeti na kumrudishia mwenye gari, hata akikataa.

Hajia Bishaaro naye akahama. Yule mama wa mabasi madogo ya Modogashe, uliyemhudumia tangu ana basi moja tu. Sikumlaumu. Jua la Garissa unalijua. Nani atakataa kiyoyozi?

Lililoniuma zaidi lilitoka karibu. Jirani yetu Hassan, fundi wa umeme wa magari, alimwambia mteja nikiwa nasikia, "Hiyo gereji ilikufa na mwenyewe." Njoroge wa taya, yule mziba puncha, naye alisimama katikati ya barabara akiyapungia magari yaliyokuwa yakija kwangu yaende kwake. Tulikuwa tunagombania wateja wachache waliobaki kama kuku na punje, na wakati huohuo wengine wote wanatupita kwenda kwenye vigae.

Siku hiyo nilirekodi sauti ya kupeleka kwenye kikundi cha simu cha madereva. Maneno makali, wallahi. Niliisema ile gereji kubwa, nikamsema Hassan, nikamsema Njoroge. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia: "Ukimsema jirani kwa mteja, mteja anajifunza utakavyomsema yeye." Nikaifuta. Nilikaa pale nikikununia, Fundi. Umekufa na bado unanikataza!

Kulipokucha nikaenda kwa Hassan. Nikamwambia, "Maneno yako ya jana yamenichoma."

Akainamisha kichwa. "Ilikuwa njaa ikisema, dada. Nisamehe."

"Basi tuishibishe pamoja," nikamjibu, tukaenda kumwita Njoroge.

Shauri lilikuwa hili: shule zinakaribia kufungwa, watu wanajiandaa kusafiri. Tukague magari bure kwa siku moja. Hassan aangalie taa na betri, Njoroge magurudumu, mimi breki. Tena mwenye gari asiambiwe akasubiri ndani. Asimame nasi, aone kwa macho yake. Njoroge alidhani nimechanganyikiwa. "Bure? Wale wana kompyuta, sisi tugawe jasho?" Lakini akakubali, kwa sababu hata yeye siku mbili zilikuwa zimempita bila kuziba puncha.

Nikarekodi tangazo jipya, Kisomali kwanza, kisha Kiswahili. Unajua p yangu ya Kisomali, hugeuka b; nilitaka kusema breki pedi. Nikasema, "Leteni gari tuangalie breki bedi." Kikundi kizima kikacheka, wakatumiana ile sauti mpaka ikafika Wajir. Watoto barabarani wakawa wananiita Breki Bedi. Lakini siku yenyewe walikuja, Fundi! Wenye tuktuk, walimu, madereva wa malori, mchungaji wa kanisa lenu na pikipiki yake. Foleni ilizunguka kona.

Na Hajia Bishaaro akaja. Alikuwa anaondoka kesho yake na wanawe na wajukuu, wanaenda harusini Modogashe. Basi lilikuwa limetoka kufanyiwa sevisi kule kwenye vigae, linang'aa. Nikaingia chini. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu la mbele, ulikuwa umevimba na kupasuka ubavuni, mafuta yameanza kutoka jasho. Breki kali mbili au tatu tu, ungekatika.

Njoroge alikuwa ameinama kando yangu, akauona. Akatoa simu arekodi. "Sema kwa sauti, Habiba! Watu wote wasikie limetoka wapi. Hili ndilo tangazo lenyewe!"

Fundi, nilitamani. Sikufichi, nilitamani sana. Walitutangaza wezi mji mzima.

Nilitoka chini ya basi, nikamwita Hajia pembeni, nikamwomba ainame, nikamwonyesha kwa kidole.

"Abaayo, dada yangu, kwa nini unaongea bole bole?" akauliza.

"Gari ni lako, Hajia. Habari zake pia ni zako."

Akautazama ule mpira, akawatazama wajukuu wake waliokuwa wakirukaruka kwenye viti. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe mbele ya foleni, mkono juu.

"Sikizeni! Hii msichana ya Kioko ameona kitu ya kuua mimi na watoto yangu, na hajataka kujisifu. Kutoka leo gari yangu yote inakuja hapa. Mimi kiyoyozi niko nayo nyumbani!"

Watu wakapasuka kwa kicheko, Njoroge akasahau hata kuzima simu. Mimi nilirudi chini ya basi haraka, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka Hassan anione. Aliniona.

Mpira nilimbadilishia palepale, na Hajia alikwenda akarudi salama, alhamdulillahi, na nyama ya harusi akatuletea.

Siku hizi Hassan akipata gari lenye shida ya breki ananiletea, nami taa nampelekea yeye. Lile gari la vipaza sauti bado linapita, ila limeacha kututaja. Linasifu chai tu. Na nina wanafunzi wawili, wanawake, mmoja Mkamba na mmoja wa kutoka Rhamu. Yule wa Rhamu ana mkono mwepesi kuliko wangu. Ungempenda.

Wiki jana mchoraji alikuja kupaka upya ukuta, akauliza aandike nani. Nikamwambia: "Kioko na Habiba, Mafundi." Akauliza kama marehemu huandikwa. Nikamwambia huyu ataandikwa. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikausoma ukuta mpaka rangi ikakauka.

Lala pema, mwalimu wangu. Nakuahidi, maadamu nashika spana, jina lako halitashuka pale, wala sitalitia aibu. Naishia hapa. Kuna mtu anapiga honi nje, na gari lake linatoa moshi.

Habiba