Nusu ya Dozi ya Saadia

Garissa, Jumanne, Novemba 1997

Sijui bado kama nilifanya sawa.

Asubuhi pumzi za Saadia, yule msichana wa Bura mwenye homa ya uti wa mgongo, zilipungua mno. Niliona ni dayazepamu tunayomlaza nayo ili degedege lisimrudie. Daktari akakubali tuisimamishe.

Alasiri akafumbua macho, akasema, "Hooyo," yaani mama kwa Kisomali. Mama yake akalia, kisha akanishika mkono. "Sista, hiyo dawa basi. Mtoto yangu imeamka."

Nilitamani kumkubalia. Lakini kabla ya magharibi mdomo wa Saadia ulianza kucheza upande mmoja, kisha mkono, kisha mwili mzima.

Nikavuta dawa ileile kwenye sindano, nusu ya dozi ya jana. Mama akasimama kati yangu na kitanda.

"Hooyo, nikimwacha hivi ubongo utaumia. Nikizidisha, pumzi itakata. Nitampa kidogo, na sitabanduka hapa."

Alisogea kando. Halafu akapiga magoti, akaushika mwenyewe mkono wa bintiye usitikisike, nikapata mshipa.

Saadia amelala, anapumua vizuri. Mama aliniuliza kama kesho mwanawe atamwita tena "Hooyo". Nilisema inshallah, kwa sababu kweli sijui.