Maitu Anahamishwa kwa Fomu

Jumatatu, 3 Machi
Maji yalikuja alfajiri. Nimejaza mitungi minne. Maitu, mama yangu, amedungwa insulini, amekunywa uji.

Saa nne msichana mwenye tableti alibisha. Anaandikisha wasiojiweza wapate bima ya afya, serikali iwalipie. Anataka kitambulisho, mtaa, nambari ya mlango. Mlango wa nini? Mwaka tulipochomewa nyumba kule Bonde la Ufa kulikuwa na orodha pia. Waliokuja walijua kila mlango. Nikamwambia Maitu kwa Kikuyu asitaje Kamenu tunakoishi, ataje shamba letu la zamani. Akataja. Nambari ya simu tu ndiyo tuliyotoa ya kweli. Msichana aliandika bila kuinua macho. Sikumpenda.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki ya sukari, Thika. Wenzake Maitu wameshapata ujumbe wa bima kwa simu. Wanapewa insulini bure. Yeye hana. Tumebaki na chupa moja.

Ijumaa, 14 Machi
Chifu wa kule shambani amepiga. Faili ya Maitu iko kwake.

"Mbona huyu mama anaomba bima na hapa tunaambiwa alikufa?"

Nani kasema? Anayelima shamba letu, bila shaka. Chifu anataka Maitu aende asimame mbele yake. Ama ajaze fomu ya kuhama, aandikwe huku. Naona mtego. Akisaini kwamba amehama, kesho watasema aliacha shamba kwa hiari yake. Nimemkataza Maitu asisaini. Nimezima simu.

Kosa ni langu. Sijamwambia hilo.

Jumanne, 18 Machi
Nimemwambia. Alikuwa anajua. Insulini imebaki ya siku nne.

Tulienda kwa chifu wa Kamenu. Fomu nimeisoma mara tatu, mbele na nyuma. Haitaji shamba popote. Bado siiamini. Sababu ya kuhama: kazi, ndoa, masomo. Kufukuzwa hakuna.

"Cucu, tuweke gani?" karani alimuuliza Maitu.

"Weka ndoa. Labda kuna mzee Kamenu ananingoja."

"Maitu!"

"Wee nyamaza. Kwani umeniona nimezeeka?"

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Maitu alibonyeza kidole kwenye wino mwenyewe. Alikataa nimshike mkono. Nimepiga picha fomu, kurasa zote mbili. Ikitumiwa vibaya niwe na ushahidi.

Jumapili, 23 Machi
Ujumbe ulifika juzi. Jana tulipewa insulini, chupa mbili. Nilikagua tarehe za kuharibika. Ziko sawa.

Baada ya kanisa mzee wa mtaa amepita na daftari lake, kumwandika Maitu mkaazi. Amemuuliza ameishi Kamenu tangu lini. Ni miaka kumi na saba.

"Tangu Jumanne," Maitu alimjibu, akaendelea kuchambua maharagwe.

Mzee amenitazama. Nimemwambia aandike hivyo.