Kode kwenye Kitambaa cha Kiti

Jumatatu, 5 Mei
Nimetia mashine ya kushona mafuta, nimemaliza kola mbili. Jirani analia tangu asubuhi. Wezi wameingia kwenye konti yake ya telefone, wanaomba watu pesa kwa jina lake. Mimi pesa sina. Lakini konti yangu iko na sauti za Mama, zile alizokuwa ananitumia kutoka Uvira kabla hajafariki. Haziko fasi ingine. Wakiniibia hizo, wameniua.

Jumatano, 7 Mei
Mume wangu Issa alisema weka kufuli ya pili, kode ije kwa mesaji. Nikaweka. Kumbe konti niliifungua kwa namba yake, zamani, kabla sijawa na telefone yangu. Kode imeenda naye ziwani kuvua ndagala! Amerudi asubuhi anacheka, kode imeshakufa. Namupenda, lakini nilitaka kumupiga na samaki.

Ijumaa, 9 Mei
Nimetafuta programu ya kode. Ya kwanza, matangazo matupu. Ya pili inataka namba za rafiki zangu wote. Za nini? Ya tatu haiulizi kitu. Inatoa tarakimu sita, mara zinageuka, hata rezo, mtandao, ikikatika. Nimechukua hiyo.
Konti nayo imenipa kode za akiba, siku nikipoteza telefone. Ziandike pahali salama, wanasema. Karatasi kwangu haidumu, panya wanakula. Nimezidarizi kwenye kitambaa cha kiti, katikati ya majani ya uzi. Wageni wataona mapambo tu. Issa kaangalia, kasema, "Weye mwanamuke uko na akili za shetani." Nimefurahi siku nzima.

Jumamosi, 17 Mei
Ole wangu. Telefone nilikuwa nimeichomeka kwenye kitenge, kiunoni. Nikainama kuchota mawese, ikazama kwenye sufuria. Imetoka nyekundu, haiwaki tena. Issa kanipa yake ya zamani. Konti inadai tarakimu sita. Programu imekufa na ile ingine. Nikakimbilia kiti.
Kiti kiko uchi.
Mama mukwe amekichukua kitambaa, kafunikia kapo la zawadi za bibi harusi wa Gitaza, mpwa wake. Hakujua. Alichagua kizuri kuliko vyote, anasema, ili watu wasifu mikono yangu. Na zawadi ya harusi nani anaiomba irudishwe? Aibu gani hiyo! Nimejifungia chooni nikalia. Nimemukasirikia sana.

Jumapili, 18 Mei
Nimeshindwa kuficha, nimemwambia mama mukwe yote. Hakubisha. Kavaa kitenge kipya, kasema twende tukamusalimie bibi harusi. Njia nzima hadi Gitaza kanishika mkono.
Kitambaa kilikuwa chini ya sinia ya chai, na chai imemwagikia majani na kode. Mama mukwe akaanza hadithi ya ndoa yake. Bibi harusi anacheka, mimi nafuta chai, nasoma kwa kidole, naandika kiganjani. Hadithi ikaisha. Akaona bado naandika, akaolewa tena upya, na mahari ikaongezeka. Nilitaka kumukumbatia palepale.

Jumanne, 20 Mei
Konti imefunguka. Nimeweka programu tena, nimepewa kode zingine.
Adhuhuri mama mukwe alikuwa mlangoni anachambua ndagala. Nikamuwekea sauti moja ya zamani, hata mimi nilikuwa nimeisahau. Mama anakohoa, anauliza kama nimekula. Halafu: "Unisalimie mama yake Issa. Umuambie mutoto ni wake sasa. Avumilie hasira zake, zinapita."
Mama mukwe akaacha ndagala. Akainamia telefone, akajibu kwa sauti, "Murakoze, asante dada. Anakula muzuri."
Akaomba nirudie. Nikarudia. Kitambaa kipya cha kode nitamupa yeye akitunze.