Uongo Niliousema Gatini

Mama mdogo Zuhura, shikamoo.

Simu zangu hupokei, na huko Kilwa ulikokwenda kwa kaka yako sina uso wa kuja. Nakuandikia nikiwa Tandika, kwenye chumba kilekile ulichonilelea baada ya mama kufariki.

Unakumbuka likizo zangu za shule? Ulinichukua hadi Rufiji, kwenye ile bandari ndogo ya mtoni. Boti zilishuka na mpunga kutoka vijiji vya juu, nyingine zilipanda na nazi na samaki wakavu kutoka visiwani, na malori yalisubiri kuleta vyote Temeke. Ulinikalisha juu ya magunia, ukanifundisha kung'ata punje za mpunga ili nijue upi umekauka na upi utaozea njiani. Nahodha Kibwana alikupakilia mzigo kwa neno lako tu. Mpunga huo ndio ulionisomesha mpaka nikapata kazi Mikocheni, kwenye kampuni ya kutembeza watalii.

Kampuni ikaitaka bandari yetu kwa boti za wageni wanaokwenda kuangalia viboko. Lakini ilibidi wenyeji wakubali kwanza. Bosi alijua wewe ni nani pale, akanituma mie. Mchoro wa gati jipya nilikuwa nimeshauona: ngazi, mgahawa, uzio. Sehemu ya mizigo haikuwemo. Nilijua hivyo nikiwa njiani kuja kwenu bandarini.

Mkutanoni ukauliza, "Na sie wenye mizigo tutashukia wapi?"

Nikakutazama usoni. "Hapahapa, mama mdogo. Wageni watatumia asubuhi tu."

Watu wakanung'unika, na Nahodha Kibwana akataka ahadi hiyo iandikwe. Ndipo uliposimama, ukajifunga kanga yako vizuri, ukasema, "Huyu nimemlea mie. Hawezi kunidanganya."

Wakatia saini.

Mie nikapandishwa cheo. Uzio ulipokamilika, boti za mizigo zikasukumwa huko chini kwenye tope, ambako mvua ikinyesha lori halifiki. Watu wakasema tulipanga pamoja, wewe na mwanao. Nahodha akaacha kupakia magunia yako, na wengine wakaacha hata kuitikia salamu zako. Ungeweza kuwaambia kwamba na wewe ulidanganywa. Hukusema. Nilipokupigia kukuuliza kwa nini, ulinijibu kwa upole, "Nikisema hivyo, watakuchukia wewe." Kisha ukaniomba nisipige tena, ukaondoka kwenda Kilwa.

Nilikaa na maneno hayo karibu mwaka mzima, huku naendelea kupokea wageni kwenye ngazi zile. Niliwachekea. Niliwasimulia habari za wafanyabiashara wa mto kana kwamba ni watu wa zamani waliokwisha kufa, ilhali sauti za wenzako nazisikia kutoka kule topeni. Siku moja mgeni mmoja akaniuliza walikwenda wapi. Nikaenda kujifungia chooni nikalia, na hata kilio kile nilikionea aibu, maana sikuwa mie niliyeonewa.

Wiki iliyopita nilishuka kule topeni. Nilivua viatu, nikawaomba wapakiaji wanisikilize. Niliwaambia kwamba mchoro niliuona kabla ya mkutano, na kwamba wewe hukujua lolote. Nahodha Kibwana aliniuliza mara mbili kama kweli hukujua. Nikaapa. Hakuna aliyenitukana, ila mwanamke mmoja alitema mate pembeni, akaendelea kushona gunia lake. Wakanitaka niyaandike yote kwa mkono wangu, nikaandika, wakaipeleka barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Kampuni iliposikia ikanifukuza kazi. Gati halijarudi mikononi mwenu, na sijui kama litarudi. Nisingependa kukudanganya tena.

Sikuandikii ili unionee huruma. Uliubeba uongo wangu mbele ya watu waliokuheshimu tangu sijazaliwa, nami nikakuachia uubebe peke yako. Kila nikilifikiria hilo natamani ardhi inimeze.

Nimeandika kwa sababu nimepewa ujumbe. Nilipokuwa navaa viatu niondoke, Nahodha Kibwana alinifuata, akasema bila kunitazama, "Mwambie Zuhura tulimkosea. Nafasi ya magunia yake ipo. Ila wewe usije naye."

Nimemkubalia. Nenda, mama mdogo. Wanakusubiri, na mie sitakuwepo.

Mwanao uliyemlea,
Mwajuma